Kuchagua Programu ya Barua Pepe ya Kompyuta

Anayetafuta programu ya barua pepe kwa ajili ya kompyuta yake aghalabu huanza na mambo yanayoonekana: sura ya dirisha, rangi, mahali ilipopangwa orodha ya folda, na kama programu hutolewa bure au kwa malipo. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini hayastahili kutangulizwa, kwa sababu sura ya programu huzoeleka ndani ya wiki moja, ilhali barua zinazohifadhiwa humo hukaa miaka kumi au ishirini, zikiwa zimebeba mikataba, stakabadhi, vyeti na mazungumzo ambayo siku moja yatatafutwa kwa haraka. Maswali yanayofaa kuulizwa kwanza ni mawili: barua zitakaa wapi, na mwenye nazo akiamua kuhama ataondoka nazo vipi? Programu inayoyajibu vizuri inaweza kusamehewa mapungufu mengine mengi, na isiyoyajibu haifai hata ikipendeza kiasi gani.

Programu ya barua pepe, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni ile inayosakinishwa kwenye kompyuta ya mezani au kompyuta mpakato, ikawasiliana na seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea na kutunza barua, kisha ikazileta barua hizo mbele ya mtumiaji bila kupitia kivinjari. Tofauti yake na ukurasa wa Gmail au Yahoo unaofunguliwa kwenye Chrome au Firefox ni kwamba ukurasa huo kwa kawaida hauachi barua kwenye kompyuta. Mtandao ukikatika, barua nazo hazionekani. Hata hivyo ni haki kusema mapema kwamba si kila mtu anaihitaji. Mwenye akaunti moja, anayepokea barua chache kwa wiki na kuzisoma zaidi kwenye simu, hana sababu ya kujitwisha kazi ya kusakinisha, kusasisha na kutunza programu nyingine, na ushauri ulio bora kwake ni kuendelea na kivinjari.

Programu ya namna hii inamfaa zaidi mwenye akaunti kadhaa, kwa mfano ya ofisi, ya binafsi na ya chama cha ushirika anachokiandikia mihtasari, ambaye angependa kuziona zote mahali pamoja. Humfaa pia anayelazimika mara kwa mara kurejea barua za miaka ya nyuma, na yule anayefanya kazi mahali ambapo mtandao si wa kutegemewa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, huduma ya intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Katika hali kama hiyo, aliyekuwa na nakala za barua zake kwenye diski aliweza kuzisoma, kuzitafuta na kuandika majibu yakasubiri kwenye kikasha cha kutuma hadi mtandao uliporejea, jambo ambalo mtumiaji wa kivinjari asiyejiandaa hakuweza.

Ili swali la kwanza lijibike, hapana budi kuzielewa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano ambazo programu na seva hufuata. SMTP, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1982, hushughulikia kutuma tu, na haimwachii mtumiaji mengi ya kuamua. Kupokea ndiko kuliko na njia mbili zinazotofautiana sana. POP ilibuniwa katika miaka ya 1980, wakati nafasi ya diski kwenye seva ilikuwa ghali na mtumiaji aliunganishwa kwa laini ya simu kwa dakika chache tu, hivyo programu huingia kwenye seva, huchukua barua mpya, huzihifadhi kwenye kompyuta na, isipoamriwa vinginevyo, huzifuta kwenye seva. IMAP, iliyoanzishwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva na kuifanya programu iwe dirisha la kuzitazama na kuzipanga. POP ni kama mtu anayefungua sanduku lake la posta, akalikomba na kwenda na barua zote nyumbani, wakati IMAP ni mtu anayezisoma palepale posta, akachukua nakala anazozitaka na kuziacha barua zenyewe ndani ili hata ndugu mwenye ufunguo wa pili azikute.

Matokeo ya tofauti hiyo ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa IMAP, barua iliyosomwa kwenye simu huonekana imesomwa kwenye kompyuta, iliyohamishwa kwenda folda ya "Mikataba" huonekana humo katika vifaa vyote, na jibu lililotumwa kutoka nyumbani hukutwa ofisini. Kwa POP hakuna hata kimoja cha hivyo. Ofisi ndogo yenye anwani moja ya mawasiliano inayofunguliwa kwa POP kwenye kompyuta mbili, ya mapokezi na ya mhasibu, huishia kuwa na nusu ya barua huku na nusu kule, kutegemea ni kompyuta ipi iliyowahi kuingia kwenye seva asubuhi hiyo. Na diski ya mojawapo ikifa, nusu hiyo imekwenda. Kwa sababu hiyo, mtu anayeanza leo, mwenye simu na kompyuta, achague IMAP bila kusitasita.

POP haijapoteza kazi yake yote. Baadhi ya kampuni zinazohifadhi tovuti huipa kila anwani nafasi ndogo kwenye seva, na nafasi hiyo ikijaa barua mpya hurudishwa kwa mtumaji bila mwenye anwani kujua. Mtumiaji wa huduma ya namna hiyo anaweza kutumia POP kwenye kompyuta moja tu iliyoteuliwa, kwa masharti kwamba programu inaruhusu mpangilio wa kuziacha barua kwenye seva kwa siku kadhaa, kwa mfano 14, kabla ya kuzifuta, na kwamba kompyuta hiyo ina nakala hifadhi, yaani nakala ya pili ya mafaili iliyowekwa kwenye kifaa kingine.

Kwa upande mwingine, wengi huichukulia IMAP kama nakala hifadhi, nayo sivyo ilivyo. Kwa kuwa programu hujilinganisha na seva kila mara, barua iliyofutwa kwenye simu hufutika pia kwenye kompyuta, na akaunti ikivamiwa na mhalifu akazifuta barua zote, programu huifuata seva kwa utiifu na kuacha folda tupu. Kinga yake ni folda ya humohumo kwenye kompyuta, isiyounganishwa na seva yoyote, ambamo barua muhimu hunakiliwa kila mwisho wa mwezi. Programu isiyo na folda za aina hiyo ipunguziwe alama, na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba baadhi ya programu mpya zenye sura nzuri ndizo zilizo dhaifu zaidi hapo.

Wenye akaunti za Gmail wanahitaji maelezo ya ziada, kwa kuwa Gmail haina folda kwa maana halisi bali ina lebo, na barua moja inaweza kupewa lebo tatu. Programu inapoitazama Gmail kwa IMAP huziona lebo hizo kana kwamba ni folda, hivyo barua yenye lebo mbili huonekana mara mbili, na kwa mara ya tatu katika folda ya barua zote, ambayo hukusanya kila kilichomo kwenye akaunti isipokuwa taka na vilivyotupwa. Asiyelijua hilo hudhani programu imezidisha barua zake, na akizifuta "nakala" anaweza kujikuta amepoteza zile alizokuwa akizitaka. Tiba ni rahisi: katika mipangilio ya lebo ya Gmail kila lebo ina kisanduku kinachoamua kama itaonekana kwa IMAP au la, na lebo zisizohitajika kwenye kompyuta ziondolewe alama kabla programu haijaanza kupakua. Akaunti ya Gmail isiyolipiwa hupewa gigabaiti 15 zinazogawanywa na picha pamoja na hati za Google, na anayepakua kila kitu kwa bando la simu atagharimika bure. Programu nzuri humruhusu kuamuru kwamba zipakuliwe barua za siku za karibuni tu, na kwamba barua inayozidi ukubwa fulani isishushwe mpaka itakapofunguliwa. Thunderbird, programu ya bure itakayoelezwa zaidi hapa chini, ina mipangilio yote miwili, nayo ifanywe mara tu akaunti inapoongezwa, kwa sababu programu hiyo kwa kawaida yake huanza kupakua akaunti nzima.

Baada ya itifaki huja suala la diski, nalo ndilo ambalo matangazo ya programu hayaligusi kabisa. Kila programu huandika barua kwenye mafaili, na aina ya mafaili hayo huamua kama barua zitasomeka siku programu itakapokoma. Thunderbird, kwa kawaida yake, hutumia mbox, muundo wa zamani wa maandishi ya kawaida ambamo folda nzima ni faili moja, barua zikifuatana moja baada ya nyingine, na pembeni yake huwekwa faili dogo lenye mwisho wa msf ambalo ni faharasa tu: likiharibika hufutwa na programu huliunda upya. Faida yake ni kwamba mbox hufunguliwa na programu nyingi, na hata kihariri cha maandishi kinaweza kuonyesha kilichomo. Hasara yake ni kwamba barua inapofutwa haiondoki papo hapo, bali hutiwa alama ya kufutwa na kuendelea kukaa ndani ya faili mpaka folda ibanwe, yaani programu iliandike faili upya bila zile zilizofutwa. Folda ya kikasha inayoonekana kuwa na barua 200 tu inaweza kuwa faili la gigabaiti kadhaa kwa sababu maelfu ya barua zilizofutwa bado zimo, na faili likizidi gigabaiti 4 haliwezi kuhamishiwa kwenye flashi iliyopangiliwa kwa mfumo wa FAT32. Kubana folda mara moja kwa mwezi, na kutoacha kila kitu kirundikane kwenye kikasha, huondoa matatizo mengi ya aina hii.

Outlook ya Microsoft, ile ya zamani inayouzwa pamoja na Word na Excel, hutumia faili la PST, ambalo huweka folda zote, anwani na kalenda mahali pamoja. Mafaili ya PST ya kabla ya mwaka 2003 yalikuwa na kikomo cha gigabaiti 2, na yalipokifikia yaliweza kuharibika kabisa. Tangu Outlook ya 2003 kikomo kilipanda hadi gigabaiti 20, na tangu ile ya 2010 hadi 50. PST ni muundo wa Microsoft, lakini umezoeleka kiasi kwamba zipo zana nyingi za kuusoma. Hauna budi kutofautishwa na OST, faili jingine la Outlook ambalo ni kivuli cha akaunti iliyoko kwenye seva na halikukusudiwa kufunguliwa bila akaunti hiyo, hivyo aliyenakili OST akidhani ametunza barua zake anaweza kujikuta hana kitu baada ya akaunti ya ofisi kufungwa.

Historia ya programu hizi inaonyesha kwa nini suala la mafaili linatiliwa mkazo. Eudora, iliyoandikwa na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988 na kumilikiwa baadaye na kampuni ya Qualcomm, ilikuwa na wapenzi wengi mno, lakini mwaka 2006 Qualcomm ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena. Kwa kuwa iliandika barua kwa muundo unaokaribiana na mbox, watumiaji wake waliweza kuhama, ingawa viambatisho, ambavyo Eudora iliviweka kwenye folda ya peke yake, viliwapa shida baadhi yao. Outlook Express, iliyokuja pamoja na Windows XP, iliandika mafaili ya DBX, na Windows mpya zilipokuja bila programu hiyo, wengi walihangaika kutafuta njia ya kuyafungua. Karibuni zaidi, programu ya Mail iliyokuja bure na Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2024, na baada ya hapo haikuweza tena kutuma wala kupokea. Hakuna programu yenye dhamana ya kuishi daima, hata ikitoka katika kampuni tajiri.

Kati ya programu zinazopatikana sasa, Thunderbird ndiyo inayostahili kujaribiwa kwanza na watu wengi. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka tarehe 7 Desemba 2004. Mwaka 2012 shirika la Mozilla liliipunguzia nguvu kazi, na wapo walioitabiria kifo, lakini michango ya watumiaji iliishikilia, na tangu 2020 inaendeshwa na kampuni tanzu ya Mozilla inayoitwa MZLA. Haina malipo, msimbo wake ni wa chanzo huria, yaani kila mwenye ujuzi anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, hivyo anayebadilisha aina ya kompyuta halazimiki kubadilisha programu. Tangu mwaka 2024 lipo pia toleo la simu za Android. Udhaifu wake ni mipangilio mingi inayoweza kumtisha anayeanza, na uzito unaoonekana kwenye kompyuta zenye kumbukumbu ndogo.

Outlook ya zamani ina sifa moja ambayo washindani hawajaifikia kikamilifu: kufanya kazi na Exchange, mfumo wa Microsoft wa ofisi unaounganisha barua, kalenda za pamoja, vyumba vya mikutano na orodha ya wafanyakazi. Ofisi iliyojengwa juu ya Exchange ibaki na Outlook, kwa sababu akiba ya leseni italiwa na usumbufu wa kila siku. Thunderbird iliyotolewa mwishoni mwa 2025 imeanza kuunganishwa na Exchange moja kwa moja kwa upande wa barua, lakini kalenda zilibaki nyuma.

Lakini jina la Outlook sasa linabeba programu mbili, na mkanganyiko huo unawagharimu watu. Outlook mpya, inayowekwa bure kwenye Windows 11, ni programu tofauti kabisa na ile ya zamani. Mtumiaji anapoiongezea akaunti ya Gmail, ya Yahoo au ya seva ya kampuni yake, barua huwa hazitoki kwenye seva hiyo moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, bali hupitia na kunakiliwa kwenye seva za Microsoft, ambazo ndizo zinazoingia kwenye akaunti hiyo kwa niaba yake. Kwa mtu binafsi huenda hilo lisiwe tatizo. Kwa zahanati, kwa wakili au kwa taasisi ya mikopo inayotunza taarifa za wateja, ni jambo la kuangaliwa na mwanasheria kabla ya kubofya kitufe cha kukubali, kwa kuwa Kenya na Uganda zimekuwa na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Outlook mpya ilitoka bila uwezo wa kufungua mafaili ya PST, uwezo ambao umekuwa ukiongezwa kidogo kidogo, na kwa asiye na usajili wa Microsoft 365 huonyesha matangazo. Microsoft imeahidi kuitunza Outlook ya zamani hadi angalau mwaka 2029, hivyo aliye nayo hana haja ya kukimbizwa.

Wenye kompyuta za Apple tayari wana Mail, ambayo ni nyepesi, huweza kutoa folda nzima katika muundo wa mbox, na kwa wengi wao inatosha. eM Client, inayotengenezwa nchini Cheki, ni programu nadhifu yenye kalenda nzuri. Leseni yake ya bure ni ya matumizi binafsi na huishia kwenye akaunti 2. Kwenye Linux, Evolution ndiyo inayopatana vizuri zaidi na Exchange, KMail huwafaa wanaotumia mazingira ya KDE, na Claws Mail, ambayo huhifadhi kila barua kama faili lake na haiandiki barua zenye mapambo, huweza kuipa kompyuta ya zamani miaka mingine kadhaa ya kazi. Mutt, inayoendeshwa kwa kibodi pekee bila madirisha, ina mashabiki waaminifu tangu 1995, lakini anayehitaji kushauriwa kuhusu programu ya barua pepe huenda si mtu wa kushauriwa Mutt.

Jambo linalowashinda wengi siku ya kwanza ni kuingia. Zamani ilitosha kuandika anwani na nenosiri, lakini Google, kwa akaunti za watu binafsi, iliacha kukubali nenosiri tupu kutoka kwenye programu mwaka 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa huduma yake ya barua ya Outlook.com mwaka 2024. Badala yake hutumika OAuth, utaratibu ambao programu hufungua dirisha la mtoa huduma mwenyewe, mtumiaji akaingia humo, na programu ikapewa kibali badala ya kupewa nenosiri. Programu isiyojua OAuth haina manufaa kwa akaunti hizo. Kwa Gmail ipo njia ya pembeni ya kutengeneza nenosiri maalumu la programu baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, lakini ichukuliwe kama njia ya dharura. Kwa akaunti za seva nyingine, mipangilio huandikwa kwa mkono, na iliyo salama ni poti 993 kwa IMAP, 995 kwa POP, na 465 au 587 kwa kutuma. Programu ikiarifu kwamba cheti cha usalama cha seva si halali, mtumiaji asibofye kukubali ili tu kazi iendelee, kwani tahadhari hiyo ndiyo inayomlinda dhidi ya mtu aliyejipachika katikati ya njia.

Usalama wa ndani ya barua una historia yake. Tarehe 4 Mei 2000, kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilianza kusambaa duniani kupitia kiambatisho chenye jina lililomalizikia na TXT.vbs; kwa kuwa Windows ilificha sehemu ya mwisho ya majina ya mafaili, mpokeaji aliona TXT, akadhani ni maandishi ya kawaida, akabofya, na programu hiyo hasidi ikajituma kwa kila aliyekuwemo kwenye kitabu cha anwani cha Outlook. Programu za leo huzuia viambatisho vya aina hiyo, lakini hila nyingine imebaki, nayo ni picha zinazovutwa kutoka mbali: barua huja na picha ndogo isiyoonekana iliyo kwenye seva ya mtumaji, na inapofunguliwa, seva hiyo hujua kwamba barua imesomwa, saa ngapi na kutoka anwani ipi ya mtandao. Thunderbird huzizuia picha hizo mpaka mtumiaji aruhusu, na Mail ya Apple tangu 2021 ina kinga ya kuzipitisha kwenye seva za kati. Programu inayozionyesha moja kwa moja bila njia ya kuzuia isichaguliwe. Isitoshe, picha hizo hula bando.

Wachache wanaohitaji usimbaji fiche, yaani kuibadilisha barua isisomeke na yeyote isipokuwa mpokeaji mwenye ufunguo, watapata OpenPGP ndani ya Thunderbird tangu toleo la 78 la mwaka 2020, bila nyongeza yoyote. Walio wengi wana hatari iliyo karibu zaidi, ambayo ni kompyuta kuibwa. Thunderbird huhifadhi barua kwenye diski bila kuzifunga, na manenosiri yaliyokumbukwa yanaweza kusomwa na yeyote aliyefungua kompyuta hiyo mpaka mwenyewe aweke nenosiri kuu. Kinga kamili ni kuisimba diski nzima kwa BitLocker ya Windows au FileVault ya macOS, na kazi hiyo ifanyike kabla ya kupakua barua ya kwanza.

Kuhusu lugha, ukaguzi wa tahajia wa Kiswahili unawezekana: programu ya ofisi ya LibreOffice hubeba kamusi ya Kiswahili iliyo katika muundo wa Hunspell, muundo uleule unaotumiwa na Thunderbird. Kuhusu viambatisho, hakuna programu inayoweza kuvunja vikomo vya seva. Barua pepe hugeuza faili kuwa herufi kwa njia ambayo kila baiti tatu huwa herufi nne, hivyo faili la megabaiti 18 husafiri likiwa na zaidi ya megabaiti 24, na likirudishwa na seva yenye kikomo kilicho chini ya hapo, si kosa la programu.

Baada ya kuchagua, busara ni kuijaribu programu kwa akaunti moja yenye barua chache. Folda moja itolewe nje ya programu katika muundo wa mbox au EML, ambao ni faili moja la maandishi kwa kila barua, kisha ifunguliwe katika programu nyingine kabisa ili kuona kama tarehe, majina na viambatisho vimefika salama. Kwenye Thunderbird kazi hiyo hurahisishwa na nyongeza ya bure iitwayo ImportExportTools NG. Anayehama kutoka programu ya zamani, baada ya kufungua akaunti zake kwenye ile mpya, huona barua za IMAP zikijileta zenyewe na kudhani uhamisho umekamilika, akaifuta kompyuta ya zamani au kumpa mtu. Kabla ya hatua hiyo, programu ya zamani ifunguliwe tena na orodha ya folda itazamwe hadi chini, mahali zinapokaa folda za humohumo kwenye kompyuta, zile zilizowahi kupokea barua za POP au nakala za mwisho wa mwezi. Folda hizo haziko kwenye seva, na diski ikishafutwa hakuna mtoa huduma anayeweza kuzirudisha.